Safari ya Baba kwa Miguu ya Mama

Baba yangu alitamani kuyaona mahekalu ya Sri Lanka, akafa hajayaona. Ndiyo sababu mimi na mama, wanawake wawili wa Awendo ambao tulikuwa hatujawahi kwenda mbali kuliko Nairobi, tulifunga mizigo tukavuka bahari.

Baba, jina lake Ouma, alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sukari. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi na injinia mmoja Mbudha kutoka Sri Lanka, jina lake Nimal, na wawili hao wakashibana. Nimal alikula kwetu, akajifunza Kiswahili cha kiwandani, na saa za mapumziko alimwonyesha baba picha za kwao: makuba ya matofali makubwa kama vilima, sanamu zilizochongwa mwambani, mti mkongwe unaoegemezwa kwa nguzo za rangi ya dhahabu. Mkataba ulipokwisha akarudi kwao, lakini hakuna Jumapili iliyopita bila simu.

Aliyeizuia safari alikuwa mama. "Uende kuangalia matofali?" alikuwa akimwambia baba. "Hapa Awendo matofali yamekwisha?" Baba alicheka tu. Kisha asubuhi moja akaanguka shambani katikati ya miwa, na kabla jua halijatua tukawa tumempoteza.

Baada ya mazishi mama aliacha kuimba kwaya. Aliacha kwenda sokoni. Kila nilipotoka Migori, ninakoendesha duka dogo la picha za pasipoti na uchapishaji, nilimkuta ameketi pale pale nilipomwacha wiki iliyopita, mikono mapajani. Siku moja akaniambia bila kuniangalia, "Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kwa ajili yake mwenyewe. Nikamnyima."

Kwa hiyo Nimal alipopiga simu kusema familia yake ingetoa sadaka ya kumkumbuka baba, na kwamba tungekuwapo angefurahi, nilijibu ndiyo kabla sijamuuliza mama. Nilipomweleza mama, aliiondoa mikono mapajani. Halafu akauliza, "Huko kuna baridi?"

Tulisafiri kwa tiketi ya bei ya chini kabisa, ile ambayo hukufanya ulale kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Uarabuni ukingoja ndege ya pili. Mama alikataa kununua chakula cha uwanjani. Tulikula mayai ya kuchemsha na viazi vitamu alivyovibeba kutoka nyumbani. Katika sanduku lake kulikuwa na nguo chache na mfuko mkubwa wa unga wa mtama na muhogo. Nilimsihi auache. "Mimi siendi kwa watu mikono mitupu," alisema, na mjadala ukaisha.

Uwanjani Colombo, afisa wa afya alitazama kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano akatupisha. Yule wa forodha aliufungua mfuko wa unga, akanusa, akamwangalia mama. Mama akamwonyesha kwa mikono jinsi ya kusonga ugali. Afisa akacheka, akaufunga mfuko kwa uangalifu kuliko alivyoufungua.

Kutoka Colombo tulipanda treni ya daraja la tatu kwenda kaskazini. Madirisha yalikuwa wazi na upepo ukituletea harufu ya moshi wa kuni na mashamba ya mpunga. Wauzaji walipita na bajia za dengu zenye kamba wa baharini mzima juu yake. Mama, ambaye kama Msabato hali kamba, aliwabandua wale kamba mmoja mmoja akampa mzee aliyeketi mkabala nasi. Mzee naye akatupa ndizi. Tulibadilishana vyakula hivyo hadi akashuka, bila neno hata moja ambalo upande mwingine ulilielewa.

Anuradhapura ni mji wa kale ambao mahekalu yake yamesimama tangu zamani za wafalme. Nimal alikuwa akitungoja stesheni. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini kicheko kilikuwa kile kile. Aliunganisha viganja kifuani akamwinamia mama, kisha akasahau adabu za kwao akamkumbatia kwa nguvu kama tufanyavyo sisi.

"Mama Achieng'! Wewe nakuja mpaka hapa! Mimi siamini macho!"

"Shemeji," mama alisema, "umezeeka."

"Ndiyo, nimezeeka. Kiswahili yangu pia imezeeka, meno imetoka."

Nyumba yao ilikuwa kijijini nje ya mji, karibu na ziwa lililochimbwa na watu wa kale ili kumwagilia mpunga. Mkewe, Kusum, hakuwahi kufika Kenya na hakujua Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha. Alimshika mama mkono akampeleka moja kwa moja jikoni. Huko mama alitoa ukelele uliotukimbiza mimi na Nimal tukidhani kuna nyoka. Alikuwa ameshika kiganja cha vidagaa vilivyokaushwa juani.

"Yawa, Achieng'! Hawa watu wana omena!"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuisikia sauti yake ikipanda.

Asubuhi iliyofuata Nimal alitupeleka mahekaluni kwa tuktuk ya jirani yake. Ni lazima niwaeleze ninyi mlio nyumbani jinsi kuba lile kubwa linavyokushtua. Unaona weupe juu ya miti, unadhani ni wingu, kisha unakaribia na wingu halisogei. Limejengwa kwa matofali toka chini hadi juu, likapakwa chokaa, na ukuta unaolizunguka umepangwa tembo wa kuchonga, bega kwa bega, kana kwamba wanalibeba. Watu waliovaa nyeupe walilizunguka polepole, mikononi wakiwa na maua ya yungiyungi. Hakuna aliyepiga kelele. Hata watoto walinong'ona.

Kuingia huko ni lazima uvue viatu na kofia. Mimi nilivua nikaanza kurukaruka, maana mawe yalikuwa yamewaka jua. Mama hakuvua. Alisimama langoni.

"Nendeni," alisema. "Mimi nitaketi na viatu."

"Mama, tumetoka Awendo."

"Najua tulikotoka. Mimi nilikulia Asumbi kwenye misheni ya Kikatoliki, katikati ya sanamu. Nikaolewa, nikabatizwa upya, nikaziacha. Sitazirudia uzeeni."

Nilikasirika, na nisingependa kuwaficha hilo. Nilikuwa nimefunga duka na kuvizia tiketi kwa miezi, ili aje kuketi na viatu! Lakini Nimal alinigusa bega. "Wacha. Ouma mwenyewe, kama alikuja, hapana ingia haraka. Yeye naangalia kwanza." Tukaingia sisi wawili, tukamwacha mama kwenye benchi pamoja na mwanamke mtunza viatu. Niliuona ule mti mkongwe na nguzo zake za dhahabu, niliona mabwawa ya kuogea ya watawa yaliyochongwa kwa mawe, na kila kitu nilichokiona kilikuwa na ladha ya chumvi, kwa sababu aliyepaswa kuviona ni baba.

Tuliporudi langoni tulimkuta mama na mtunza viatu wakisukana.

Jumamosi hatukutoka. Mama aliisoma Biblia yake kivulini, na niliona kwamba nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kwa ajili yake. Redio ilikuwa imezimwa. Nilipomshukuru Nimal, alishangaa. "Sadaka pia mimi naweka Jumapili. Watawa walitaka Jumamosi, mimi nasema hapana, hiyo ni Sabato ya Ouma."

Jumamosi hiyo jioni, jua likiwa linazama, alitueleza sadaka yenyewe. Watawa wangekuja asubuhi, wangelishwa kabla ya saa sita, kwa sababu mchana ukipita hawali tena. Kisha wangesoma dua zao, na mtu wa karibu na marehemu angemimina maji kutoka kwenye birika hadi kikombe kifurike, ishara kwamba wema uliotendwa siku hiyo unamfikia aliyekufa.

"Mtu huyo ni wewe, Mama Achieng'," Nimal alisema.

Mama alitikisa kichwa. "Siwezi, shemeji."

"Si kuabudu. Ni maji tu."

"Kama ni maji tu, hungeniita kutoka Kenya kuja kuyamwaga." Alisema kwa upole, lakini alisema. "Sisi tunaamini mfu amelala. Hajui lolote mpaka aamshwe. Nikimimina yale maji nikijifanya yanamfikia, nitakuwa nimemdanganya Mungu wangu, na wewe pia nitakuwa nimekudanganya katika nyumba yako."

Kusum, ambaye hakuelewa maneno lakini alielewa kichwa kilichotikiswa, alimtazama mumewe. Nimal alimweleza kwa lugha yao. Uso wa Kusum ulisawijika. Kwa wiki nzima alikuwa akifua vitambaa vyeupe vya kufunika mito ya watawa na kusafisha birika kwa majivu. Akainuka, akaingia ndani.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikafikiri: tumekuja kuuvunja urafiki ambao bahari haikuuvunja.

Mama aliketi kidogo, kisha naye akainuka akamfuata Kusum ndani. Nilimfuata ili nitafsiri, nikasahau kwamba sikuwa na lugha ya kutafsiria. Kusum alikuwa akimenya vitunguu jikoni kwa kasi ya mtu anayezuia machozi. Mama alichukua kisu kingine. Akamenya kimoja. Akamenya cha pili. Halafu akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa unga, akauweka mbele ya Kusum. Akajigusa kifua, akaigusa sufuria, akanyoosha kidole upande ambao hekalu la kijiji liliko.

"Mwambie shemeji yangu," aliniambia, "maji sitamimina. Lakini kulisha watu waliokuja kwa ajili ya mume wangu, hilo ni langu. Hilo hata kwetu lingekuwa langu."

Nimal alikuwa mlangoni tayari. Alipomfasiria mkewe, Kusum aliutumbukiza mkono kwenye unga, akausugua kati ya vidole, akauliza kitu.

"Anauliza," Nimal alisema, "hii napikwa na maji ngapi?"

Jumapili watawa walifika kwa mstari, wamevaa kanzu za rangi ya zafarani, mpiga ngoma akiwatangulia. Tuliwaosha miguu mlangoni. Waliketi ukutani kwenye mito myeupe, na majirani wakaleta wali, dengu, fenesi lililopikwa kwa nazi. Mwisho akaja mama, amevaa gauni lake la kanisani, amebeba sinia la ugali wa mtama na omena walioungwa kwa nyanya. Aliwapakulia kwa kijiko, kipande kidogo kwa kila mmoja, macho chini kama alivyofundishwa na Kusum asubuhi. Mtawa mzee kuliko wote alionja, akatafuna kwa muda, akamwambia Nimal neno.

"Yeye nasema," Nimal alicheka, "chakula hii inahitaji mtu anayelima."

Baada ya dua, Nimal mwenyewe alilishika birika. Mama alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani. Maji yakaanza kushuka kwenye kikombe. Katikati ya maneno nisiyoyajua nilisikia jina la baba, Ouma, limetamkwa vizuri, kama linavyotamkwa kwetu. Kikombe kikafurika. Nikamwona mama anateremka ukutani taratibu mpaka akaketi sakafuni, na kilio ambacho alikinyima mazishi kikatoka. Kusum aliacha wageni wake wote akaja akaketi sakafuni kando yake.

Watu walipoondoka, mama alimwambia Nimal lile lililokuwa likimla. "Ni mimi niliyemzuia kuja. Miaka yote. Lazima alikuambia."

"Alinambia," Nimal alisema. "Kila Jumapili nanambia. Anasema, 'Nimal, mke wangu hataki niende. Nikienda atagombana na nani?' Halafu anacheka mpaka anakohoa. Mama Achieng', yule mtu alikuwa anajisifu. Mimi naona wivu. Mimi nilikaa Awendo pekee yangu, hakuna mtu wa kunizuia kwenda mahali."

Mama alimtazama ili aone kama anadanganywa kwa huruma. Nadhani hakuona uongo. Alifuta uso kwa upindo wa gauni. "Alikohoa hivyo kweli," alisema.

Kutoka hapo safari ilibadilika. Tulipanda basi jekundu la serikali hadi Polonnaruwa, mama, mimi na Kusum, ambaye alisema amechoka kuona mahekalu ya nyumbani tu. Tulilala kwenye nyumba ya mahujaji, mikekani, kwa sababu tiketi ya wageni ya kuingia magofuni ilikuwa imekula pesa zetu. Lakini ilistahili. Huko kuna jabali moja refu ambalo wachongaji wa kale walilitolea sanamu za Budha, mmoja amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Ziko nje, chini ya anga, na mama akasema mlimani hata Msabato anaweza kutembea. Akavua viatu kabla yetu.

Alikaa mbele ya yule aliyelala kwa muda mrefu. Kusum alinieleza kwa Kiingereza chake kidogo kwamba hapo Budha anakufa.

"Angalia mto wake," mama aliniita. Niliangalia. Jiwe la mto lilikuwa limebonyea pale kichwa kilipoulalia, kama mto wa pamba. "Aliyechonga hivi alikaa na mtu aliyelala. Alimwangalia vizuri. Huwezi kubuni hiyo." Akausogelea uso. "Na hakumtia hofu usoni."

Hakuinama, hakuunganisha viganja. Alisimama tu pale, miguu mitupu juu ya mwamba wa moto, akiangalia kwa niaba ya mtu mwingine. Sikumharakisha.

Dambulla tulipanda ngazi za mapangoni tukifukuzana na nyani walioutaka mfuko wa Kusum. Juu tuliuona kwa mbali mwamba wa Sigiriya, maarufu kuliko yote, ambao mfuko wetu haukuufikia. "Tumeuona," mama alisema. "Tukiulizwa, tumeuona." Mapangoni aliingia mwenyewe, akaangalia kila kitu, hata dari zilizochorwa kama kitambaa, na alipotoka akatangaza kwamba mafundi wale walistahili kulipwa zaidi.

Stesheni, siku ya kuondoka, hakuna aliyetoa hotuba. Kusum alimpa mama mfuko wa vidagaa. Mama alimpa kitambaa chake cha kichwani. Nimal alisema, "Mwezi wa nane mimi na Kusum nakuja. Nataka kuona kaburi ya Ouma," na safari hii ni mama aliyesahau adabu za kwao akamkumbatia.

Nyumbani Awendo, Sabato ya kwanza, kina mama wa kanisa walimzunguka. Mmoja akamuuliza kama ni kweli alilisha makasisi wa sanamu. "Nililisha waliokuja kumkumbuka mume wangu," alijibu, "na walikula wakamaliza. Wewe ulimaliza sahani yako siku ya mazishi?" Jumapili alirudi sokoni. Wiki iliyofuata, kwaya.

Mimi nilikwenda nikidhani nampeleka mama akaone maajabu ili ajisahau kidogo. Nilichojifunza ni kwamba mtu hahitaji kujisahau. Alikwenda na imani yake yote, na ukaidi wake wote, na unga wake, na kwa sababu hakuficha hata kimoja, waliompokea walijua ni nani wanayempokea. Urafiki uliojengwa juu ya "ndiyo" tupu ungevunjika jioni ile ile ya Jumamosi.

Mwezi mmoja baadaye alinipigia simu dukani. "Kuna watu wamejenga kwa mawe huku kwetu Migori, huko Thimlich. Nasikia wazungu huja kuangalia. Wewe umefika?"

Sikuwa nimefika. Tulikwenda pamoja tukaona zile kuta za kale, mawe yamepangwa bila tope wala saruji na bado yamesimama. Mama aliyapapasa, akamhoji mwelekezaji mpaka akachoka. Na hakuishia hapo. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa amekodi basi la shule, akalijaza kina mama wa kanisa, wengi wao waliozaliwa karibu na mawe yale na kuzeeka bila kuyaona.

Nilikuwa kwenye basi hilo. Milango ya Thimlich ni mifupi, imejengwa ili mtu aingie akiwa ameinama. Kina mama walisita nje, wakibishana kama pale ni mahali pa mizimu. Mama hakubishana nao. Aliinama akapita chini ya jiwe la mlango, akatokea upande wa pili kwenye jua, akageuka.

"Ingieni," alisema. "Angalieni vichwa."